Mashine Isiyojua Umbea

9 Februari 2012

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana najua ya kwanza hukuisikia, ulikuwa umeinamia redio ya mtu. Mwambie Mama nimefika salama, ninakula, ninalala, na lile koti alilonilazimisha kulibeba ndilo linaloniweka hai. Fundi cherehani wa mlango wa pili naye umsalimie. Zipu ya begi aliyonishonea imeshika mpaka leo, jambo ambalo mimi na wewe hatukulitegemea.

Kwenye simu tunaongea na Mama kila Jumapili, lakini wewe ukishikishwa simu unasema "Nipo, nipo, haya, tutaongea," halafu unamrudishia mwenyewe. Kwa hiyo nimenunua karatasi. Simu ibaki ya salamu, haya mengine tuandikiane.

Huku ng'ambo ninakaa kwa mwalimu mstaafu, bibi wa miaka themanini na moja, anayetembea kwa fimbo na kumsahihisha kila mtu kana kwamba bado yuko darasani. Kazi yangu ni kumpikia, kumfulia, kusafisha nyumba na kuhakikisha hatelezi bafuni. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachonitesa ni vyombo vyake.

Jiko lake, Mjomba, ni kioo kitupu. Halina kitufe cha kuzungusha wala moto wa kuuona. Unaligusa kwa kidole kama unampima mtoto homa, nalo linapata joto. Siku ya nne likagoma. Nikigusa linalia pii, halafu kimya. Nikigusa tena, pii. Basi mimi ni mtu uliyenifundisha mwenyewe. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikatandika gazeti sakafuni, nikatoa bisibisi yako ndogo niliyokuja nayo (usiulize niliichukua lini), nikalifungua jiko lote. Kila skrubu nikaiweka kwenye gazeti na kuizungushia duara la penseli, vilevile tunavyofanya kwenye karakana yako. Nyaya nzima, fyuzi nzima, hakuna hata harufu ya kuungua. Nikabaki nimeshika tama.

Bibi Mwalimu akaingia akiwa na nguo zake za kulalia, akaona matumbo ya jiko lake yametandazwa juu ya gazeti ambalo alikuwa hajalisoma. Hakupiga kelele. Alikaa kitini, akaniamuru niyarudishe yote, akawa anaitazama kila skrubu inavyoingia. Nilipowasha umeme akaweka kidole juu ya alama ndogo ya kufuli kwenye kona ya kioo, akahesabu moja, mbili, tatu. Jiko likakubali. Lilikuwa limefungwa tu, watoto wasilichezee, na aliyelifunga ni mimi nilipokuwa nikilipangusa. Saa mbili nzima nimempasua mgonjwa asiyeumwa.

Sasa nacheka, lakini siku ile nilijifungia bafuni nikalia. Nilitamani moshi wa risasi ya kulehemu, nilitamani redio tano zinazoongea kwa wakati mmoja, nilitamani hata wewe uniambie nimeshika koleo kama kijiko. Tuliahidiana miaka miwili. Nikirudi unanikabidhi karakana, nawe unakaa kwenye kiti cha nje unanikosoa. Ahadi hiyo ndiyo inayonilaza usingizi.

Mpwa wako,
Bisibisi


11 Machi 2012

Bisibisi, mwizi wa bisibisi,

Marahaba, zote mbili. Kumbe ni wewe! Mimi nimemnunia fundi cherehani wiki nzima kwa sababu ya kile kibisibisi. Juzi ilibidi nimpelekee chai na maneno matamu, na bado ananitazama kwa jicho la pembeni.

Barua yako nimewasomea wateja. Mwenye feni alicheka mpaka akasahau kunisumbua kuhusu feni yake. Jiko linafungwa kama sanduku! Mtu anapika au anaficha urithi? Lakini hukukosea. Chombo kikigoma kinafunguliwa, na mwenye chombo akija akukute na skrubu zako zimepangwa. Yule mwalimu wako alikuwa anatazama kazi ya mtu aliyefundwa, hata kama hakusema.

Huku hatujambo. Goti la mama yako limepoa kidogo, ila mdomo haujapoa. Umeme unakatika kama kawaida. Wiki iliyopita ulikatika siku mbili mfululizo, kisha ukarudi kwa nguvu ukaunguza friji tatu mtaani, basi nina kazi mpaka kichwani.

Sasa jambo lenyewe. Mwenye nyumba anataka kuvunja na kujenga upya milango yote ya maduka, kuanzia kwangu mpaka kwa kinyozi, mwakani. Anayebaki ataandikiana naye mkataba mpya wa miaka mitano. Mimi nimemwambia jina langu asiliandike, aandike lako. Amekubali, ila anataka neno lako mwenyewe kwenye karatasi kabla mwaka haujaisha. Mistari miwili inatosha: nitarudi, nitaichukua karakana. Weka sahihi, nitampelekea.

Mwandiko usiujali. Meza ya karakana ina mguu mmoja mfupi na mtu akiiegemea kalamu inaruka.

Mjomba wako


27 Mei 2012

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti la Mama linaendelea vizuri na friji zile tatu zimerudi kwa wenyewe. Mimi sijambo. Baridi imeondoka, nimeliweka koti kabatini, ingawa kila asubuhi nalichungulia kama lipo.

Nimehitimu jiko, sasa niko darasa la mashine ya kufulia. Ina mlango wa duara wa kioo, unaona nguo zinavyozunguka. Wiki ya kwanza nilikuwa navuta kigoda nakaa mbele yake tangu mwanzo mpaka mwisho, maana sikuelewa nifanye nini na mikono yangu. Bibi Mwalimu akaniuliza kama ninaogopa itatoroka. Nilimjibu kwamba nyumbani nguo hazifuliwi peke yake, mtu anakuwepo.

Unakumbuka Jumamosi zetu, mimi na Mama na mabeseni matatu uani, wewe unapita unatafuta shati lako na sisi tumeshalilowesha? Pale kwenye mabeseni ndipo nilipojifunza nani kamwoa nani, nani kakosana na nani, na kwamba wewe uliwahi kukataliwa na msichana kwa sababu ulimtengenezea pasi badala ya kumwandikia barua. Mashine hii inafua vizuri kuliko sisi, siwezi kusema uongo. Kola zinatoka nyeupe pee. Lakini haijui umbea. Inazunguka saa nzima haijasema neno, halafu inapiga kengele nikatoe nguo zilizofuliwa bila kumsengenya mtu yeyote.

Sweta la sufu la Bibi nililitia kwenye maji ya moto kabisa, nikidhani ndiyo heshima. Limetoka linamtosha mwanasesere. Amelitundika ukutani, anasema ni kielelezo.

Kuna na mashine ya kuosha vyombo, na ya kukausha nguo wakati jua liko nje bure, na ya kufyonza vumbi. Hiyo ya vumbi ilianza kukoroma mwezi uliopita. Bibi akasema inunuliwe nyingine. Nikamwomba siku moja. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, ulivyonifundisha, nikasikia beringi inalia. Sasa nipate wapi beringi? Bibi mwenyewe akanipeleka, na fimbo yake, kwenye duka la fundi mtaa wa pili. Fundi ni mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Kule watu wanaacha chombo mezani, wanapewa namba, wanaondoka bila kusema kitu. Mimi nilipokuwa nasubiri nikamuuliza mteja mmoja birika lake lilikuwa linafanya nini mara ya mwisho kabla ya kufa. Akanihadithia robo saa nzima. Fundi akaweka kazi chini akanisikiliza. Aliniambia nirudi Jumamosi nimsaidie, na sasa naenda kila Jumamosi.

Usiku umeme haukatiki kamwe. Miezi yote hii sijasikia watoto wa mtaa mzima wakipiga yowe la furaha taa zikirudi. Sikujua kama mtu anaweza kukosa kitu kama hicho.

Mpwa wako,
Bisibisi


30 Juni 2012

Bisibisi,

Sisi wazima. Nimesoma kurasa nne kuhusu mashine ya kufulia. Nimegeuza kila karatasi nyuma na mbele, nimeangalia hadi ndani ya bahasha. Ile mistari miwili niliyokuomba sijaiona. Kama posta wameila, iandike tena. Kama ni wewe unanipiga chenga, kumbuka nani alikufundisha kupiga chenga.

Na yule msichana hakunikataa kwa ajili ya pasi. Mama yako mwongo. Pasi alibaki nayo.

Kazi zimepungua kidogo. Redio ya kinyozi nimemrudishia, spea hazipatikani.

Mjomba


16 Septemba 2012

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Bibi Mwalimu alipata kifua, nikawa nahesabu dawa na kumpigia kelele anywe maji, naye ananisahihisha lugha hata akiwa na homa. Sasa amepona, amerudia fimbo yake na ubishi wake.

Uniandikie kuhusu ile redio. Mimi naifahamu, nimeifungua mara tatu kwa mikono yangu. Haina spea usiyoweza kuitoa kwenye redio mbovu zilizo chini ya meza. Zipo kama nane pale. Kwa nini umeirudisha?

Hapa dukani kuna taa ya mezani yenye kioo cha kukuza, na kiti kinachopanda na kushuka, na kila spea ina droo yake yenye namba. Siku ya kwanza nilidhani nimeingia duka la dawa. Nimezoea. Lakini nikilehemu, na ule moshi ukipanda, lazima nigeuke nyuma kidogo. Nakuwa na uhakika uko pale mlangoni umesimama, chai mkononi, unasubiri nikosee.

Ile mistari nitaiandika. Nipe muda kidogo tu. Mama anajua nina shughuli nyingi.

Bisibisi


25 Novemba 2012

Mjomba,

Shikamoo. Leo nitasalimia watu wote kwa pamoja, maana nikianza mmoja mmoja nitamaliza karatasi na sitasema nilichokaa kusema. Nimeshafanya hivyo mara nyingi, na wewe umeniona.

Sirudi, Mjomba. Yaani nitakuja kuwaona, lakini kuichukua karakana sitarudi.

Yule fundi wa mtaa wa pili amenipokea rasmi. Nitasoma siku mbili kwa wiki na kufanya kazi dukani siku tatu, miaka minne, na mwisho napata cheti cha ufundi. Bibi Mwalimu ndiye aliyeniandikia barua ya kuniombea, na amenipa chumba nibaki kwake. Niliweka sahihi mwishoni mwa mwezi wa sita, wiki kadhaa kabla barua yako ya mashine ya kufulia haijanifika. Mama nilimwambia siku hiyohiyo, nikamwapisha asikwambie. Usimkasirikie. Amekaa na siri hiyo miezi mitano nyumba moja na wewe, na unajua siri kwa Mama ni kama kaa la moto mkononi.

Nilijiambia nimenyamaza ili nisikuumize. Siyo kweli. Nilikuwa naogopa ukisema "haya, sawa" kwa ile sauti yako ya kwenye simu.

Kuna jambo jingine, na hili hata Mama sijamwambia. Jioni ile kabla sijaondoka ulinimiminia chai. Ulishika birika kwa mikono miwili, na bado chai iliingia kwenye kisahani. Ukasema birika lina mdomo mbaya. Birika lile ninalijua tangu mtoto, mdomo wake hauna ubaya wowote. Niliona, Mjomba. Nilijua kwa nini unataka nirudi haraka. Nikafunga begi nikaondoka, na nilipofika hapa nikakuandikia vichekesho vya jiko.

Ningetaka niwe mtu wa kurudi. Nimejaribu kumtafuta mtu huyo kila Jumamosi nikienda dukani, na kila Jumamosi namkosa. Kazi hii naipenda. Wewe ndiye uliyenipa, na hapa ndipo nilipoipata yote. Mwambie mwenye nyumba ampe mlango mtu mwingine.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hivyohivyo.

Mpwa wako


20 Januari 2013

Mjomba, shikamoo.

Barua yangu ya mwezi wa kumi na moja umeipata? Mama kwenye simu anasema upo, umetoka. Jumapili sita mfululizo umetoka. Nakujua, wewe Jumapili hutoki hata kwenda dukani kununua kiberiti.

Nitukane basi.

Bisibisi


17 Februari 2013

Bisibisi,

Anayeshika kalamu ni mama yako, mimi nasema naye anaandika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiongeze chumvi. Ukiona maneno kwenye mabano, ni yake, usiyaamini.

Barua yako niliipata. Nilikasirika. Wiki tatu sikutaka jina lako litajwe ndani ya nyumba hii, na mama yako sikumsalimia siku nne kwa miezi mitano ya kunidanganya. (Siku mbili. Ya tatu alitaka chai.) Kila simu yako ilipolia nilikuwa nimekaa palepale. Sikutoka popote. Sikuwa na sauti ya kukupa.

Ni kweli kuhusu mkono. Ulianza mwaka mzima kabla hujaondoka. Kwanza ule wa kulia, halafu wote. Redio ya kinyozi nilijaribu kuilehemu siku sita, kila nikiifikia waya mkono unaruka kama umepigwa shoti. Nikamwambia spea hakuna. Meza haina mguu mfupi. Daktari amenipa vidonge, vinasaidia asubuhi, jioni vinanitoroka.

Nilikuwa nakwambia nakutunzia karakana. Mwongo mkubwa ni mimi, siyo mama yako. Niliitaka kwa ajili yangu. Nilitaka kila asubuhi niwe na mlango wa kwenda, na mtu ndani yake mwenye mikono inayonitii, ili nisiwe mzee anayetetemeka, niwe fundi aliyepumzika. Mikono hiyo ilikuwa yako. Hukuniuliza hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nimeona ulijue, usije ukabeba lawama peke yako. Uliona birika ukaondoka. Mimi nilikuona unaona. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikisema ungebaki, na ungebaki ukinichukia taratibu.

Hiyo karakana niliifunga mwezi wa kumi na mbili. Nilizunguka mtaa na mkokoteni wa kuazima nikimrudishia kila mtu chombo chake. Mwenye feni alinikumbatia, akasema ibaki tu kwake hata kama haizunguki. Wengine walinipa chai. Nilikunywa chai nyumba kumi na moja siku moja. Sikulia. (Alilia, kwa mwenye feni, na tena hapa jikoni.) Zana zote nimezifunga kwenye kitambaa kikavu na mafuta kidogo. Ni zako, popote utakapokuwa.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Juzi asubuhi nilivaa, nikanywa vidonge, nikatoka. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikashtuka nimesimama mbele ya mlango wa karakana, saa mbili kamili, nimeshika ufunguo ambao haufungui tena kitu. Ndani kuna msusi, amepanga hapo kwa muda mpaka waanze kuvunja. Binti mchangamfu, rika lako. Akasema, "Karibu mzee, unatafuta nini?" Nikamwambia nimepotea njia kidogo. Akanivutia kiti, akaniuliza kama ni mimi fundi wa zamani, maana watu bado wanakuja na redio zao. Nikamwambia ndiye mimi. Akaniuliza, "Na yule mpwa wako aliyekuwa anakaa hapa mlangoni, wanasema ni fundi hatari kuliko wewe, anarudi lini?"

Nikamwambia harudi. Nikamwambia ana kazi yake huko, anasoma, na ameipenda. Ndiyo mara ya kwanza nimelitoa neno hilo kwa mdomo wangu mbele ya mtu, mwanangu, na nilipomaliza kulisema nilikuwa bado nimekaa, na yule binti alikuwa anaendelea kusuka.

Jumapili piga simu. Nitapokea mimi.

Mjomba wako